Uchambuzi wa kisa: Kuanza nyumba ya kupanga Mbeya katikati ya baridi

Kisa hiki ni cha familia moja iliyohamia Jiji la Mbeya kutoka Tanga mwezi Juni 2024. Majina, mtaa, mwajiri, mafundi na hospitali tumeviacha nje, na mambo machache madogo yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Tumekichagua kwa sababu ndani ya wiki tatu familia hii ilikutana na karibu kila kinachomsumbua mgeni wa nyanda za juu: baridi ambayo hakuitegemea, godoro lililoota koga, shawa ya umeme iliyofungwa vibaya, LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliyoonekana kumeza hela, na usiku mmoja ambao watu watatu walinusurika kufa kwa hewa ya mkaa. Hoja yetu tunaitaja mapema: nyumba ya Mbeya hupangwa kuanzia kitandani na bafuni, na sebule husubiri.

## Usuli

Walikuwa wanne: baba aliyehamishwa kikazi, mama, mtoto wa miaka 4, na mdogo wake mama, binti wa miaka 17. Tanga waliuza vitanda, kabati, meza ya chakula na friji, wakabaki na nguo, vyombo vichache na mashuka. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Kitanda cha misumari kikifunguliwa na kusafirishwa umbali ule hufika kimelegea viungo, na nauli ya mzigo inakaribia bei ya kitanda kipya huku kwenye mbao.

Walianza na shilingi 4,200,000. Kodi ilikuwa 180,000 kwa mwezi, ikatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,080,000. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja, 180,000. Mabasi na marobota manne ya mizigo yalikula 210,000. Walipofungua mlango wa nyumba walikuwa na 2,730,000 mkononi, na mshahara wa kwanza ulikuwa karibu wiki nne mbele.

Nyumba yenyewe iko upande wa Uyole. Ni nusu ya nyumba moja kubwa, na jirani anakaa nusu ya pili. Ukuta wa katikati ni mmoja. Ina vyumba viwili, sebule, jiko na bafu lenye choo ndani. Imejengwa kwa tofali za kuchoma, ina bati, dari ya jipsamu vyumbani na sebuleni, na marumaru sakafuni kote. Mita ya LUKU ni ya kwao peke yao. Mita ya maji ni moja kwa nyumba zote mbili. Ilikuwa imekaa tupu tangu katikati ya Januari.

## Ukaguzi kabla ya kuingia

Baba alitangulia na kuikagua saa 8 mchana. Jua lilikuwa kali, sebule ina mwanga, akaridhika. Alifungua mabomba, akawasha taa, akajaribu vitasa. Alipiga picha mita ya maji na mita ya LUKU siku hiyo hiyo, na tutaona baadaye faida yake.

Lakini saa 8 mchana ya mwezi Juni haikuambii lolote kuhusu nyumba ya Mbeya. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi anga huwa jeupe bila mawingu, na jua likishazama joto lote la mchana hupanda na kupotea. Usiku wa Juni na Julai kushuka chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Nyumba ile ile iliyokuwa na joto zuri mchana ikifika alfajiri, marumaru zinauma nyayo, na upepo unaingia chini ya mlango wa mbele kwenye uwazi wa vidole viwili. Anayekagua nyumba huku kipindi hiki arudi mara ya pili saa 2 usiku. Asimame chumbani dakika kumi, apitishe mkono chini ya milango na pembeni mwa madirisha, aguse sakafu.

Kitu kingine ambacho hakikukaguliwa ni bafu. Kulikuwa na bomba la shawa ukutani na waya mbili zilizochomoza juu yake zimefungwa tepu. Dalali alisema, "Hapo ni kufunga hita tu, kaka, laini ipo tayari." Laini hiyo haikuwa ya hita.

## Mfuatano wa matukio

Siku ya kwanza walinunua umeme wa shilingi 10,000 na wakapata uniti 7. Mama aliamini mita ni mbovu. Mita ilikuwa nzima. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwezi usionunuliwa umeme deni lake husubiri. Tangu Februari hadi Juni ni miezi mitano, kwa hiyo 7,500 ilikatwa yote kwenye ununuzi wa kwanza. Zilizobaki 2,500, kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo zake, ni uniti 7 kamili. Makato haya yanaonekana kwenye ujumbe unaokuja na tokeni. Wengi husoma zile tarakimu 20 tu na kuufuta. Deni la kipindi ambacho nyumba ilikuwa tupu ni la mwenye nyumba, na anayejua hulitaja kabla hajalipa kodi.

Siku hiyo hiyo waliwapigia hodi majirani, wakajitambulisha. Kesho yake baba alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishwa kama wakazi wapya. Mambo mawili haya hayakugharimu kitu, na yalikuja kubeba uzito kuliko chochote walichonunua wiki ile.

Kisha wakaanza kununua. Wafanyakazi wenzake baba walikuwa wamesema watakuja kumsalimia mwisho wa wiki, na mama hakutaka wageni wakute sebule tupu. Walitoa 500,000 kwa fundi kama malipo ya awali ya seti ya makochi ya 850,000. Televisheni ya inchi 32 na kisimbuzi, 480,000. Mapazia na fimbo zake, 190,000. Kapeti la sebuleni, 120,000. Jumla ya sebule ilifika 1,290,000, karibu nusu ya fedha yote, na bado fundi makochi anadai 350,000.

Vingine vyote vilinunuliwa kwa kilichobaki. Mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake la kupachika juu, 85,000. Sufuria, ndoo, beseni na vyombo, 160,000. Godoro la 5 kwa 6 inchi 6 na jingine la 4 kwa 6, jumla 350,000, yakatandikwa chini juu ya mkeka kwa sababu hela ya vitanda haikuwepo. Blanketi mbili nyepesi, 50,000. Chakula, 140,000. Umeme, jumla 30,000. Siku ya tatu wakaongeza shawa ya umeme, 95,000 pamoja na kufungiwa. Siku ya nne, baada ya kulala usiku mbili tatu na masweta, wakanunua jiko la mkaa na gunia la mkaa, 50,000. Mkononi zilibaki 480,000.

### Shawa

Shawa ilikuwa ya wati 5,500. Ukigawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 24. Zile waya mbili za bafuni zilitoka kwenye laini ya taa: waya wa milimita 1.5, unaolindwa na breka ya ampea 10. Fundi alipowasha, breka ikakata papo hapo. Breka ilifanya kazi yake. Fundi akamwambia mama, "Tunaweka breka kubwa, mama, haitakata tena," akaitoa ile ya 10 na kuweka ya 32.

Hapa ndipo kosa lilipo, na tunaomba msomaji alishike vizuri. Breka haipo kwa ajili ya kifaa. Ipo kwa ajili ya waya. Waya wa 1.5 uliopita ndani ya bomba ukutani na juu ya dari hauwezi kubeba ampea 24 kwa muda bila kupata moto. Ukiweka breka ya 32 umeuambia mfumo usikate mpaka mkondo upite kiwango hicho, na wakati huo ganda la plastiki la waya limeshaanza kuyeyuka. Zaidi ya hayo waya zilikuwa mbili tu. Wa tatu, ule wa kwenda ardhini, haukuwepo kabisa, na fundi aliukata mfupi ule wa kwenye shawa na kuukunjia ndani.

Siku za mwanzo ilifanya kazi. Kisha binti akasema bomba linang'ata mkono unapolifunga. Mwisho wa wiki ya pili sebule ilianza kunuka plastiki iliyoungua kila mtu anapooga, na taa za korido zikawa zinafifia. Baba akapanda kuangalia boksi la maungio juu ya dari: kifuniko kilikuwa kimegeuka rangi ya chai, na ganda la waya mmoja limenyauka kama sentimita tatu kutoka kwenye kiungo. Alizima breka ile na hakuiwasha tena. Taa za upande mmoja wakaishi bila nazo mpaka fundi wa pili alipokuja.

### Usiku wa jiko la mkaa

Baba alikuwa zamu ya usiku. Mama, mtoto na binti walilala chumba kimoja ili wapeane joto. Jioni ile mama alikuwa ameziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha kwa magazeti na mifuko, akaweka nguo chini ya mlango. Jiko la mkaa liliwashwa nje kama inavyotakiwa, likaachwa mpaka mkaa ukawa mwekundu usiotoa moshi, kisha likaingizwa chumbani na sufuria ya maji kando yake.

Yeye aliamini amechukua tahadhari zote. Mkaa umeshika, moshi hakuna, maji yapo. Ndivyo wanavyoamini wengi, Mbeya, Iringa, Makete na Njombe, na ndiyo maana tunaandika sehemu hii kwa urefu. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Ndani ya mwili hujishika kwenye damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kuinyima ubongo na moyo hewa safi. Sufuria ya maji haiiondoi. Chumba kikiwa kimezibwa, mkaa wenyewe hupungukiwa na hewa ya kuungua vizuri na huzidi kutoa sumu hiyo. Na aliyelala haamki, kwa sababu hakuna kinachomwamsha.

Usiku wa manane binti alitaka kwenda chooni. Alifika mlangoni, akaufungua, miguu ikamwishia nguvu, akaanguka koridoni. Mlango ule uliobaki wazi ndio uliowaokoa. Mama alishtuliwa na kishindo, kichwa kinampasuka, anataka kutapika, akamtikisa mtoto na mtoto hakuitika. Hakuweza kusimama vizuri. Alipiga ukuta wa jirani kwa kisigino cha kiatu. Jirani, mama wa makamo aliyekulia huku, alikuja mbio, na alipoingia swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, mmelala na jiko ndani?" Alimtoa mtoto nje kwanza, akafungua madirisha yote, akamtoa binti, akamwita mwenye bajaji wa mtaani.

Hospitali waliwekewa oksijeni. Mama alikuwa amewaza malaria, na dalili kweli zinafanana: kichwa, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Jirani aliwaeleza wauguzi mlangoni kwamba kulikuwa na jiko la mkaa chumbani, na neno hilo moja liliokoa muda. Wote watatu walitoka wazima.

### Godoro

Wiki ya tatu, mama akitandika, aliona upande wa chini wa godoro kubwa una madoa meusi ya duara, na mkeka umeshikana na sakafu. Hakuna maji yaliyokuwa yamemwagika. Mtu aliyelala hutoa unyevu wa jasho na pumzi usiku kucha. Unashuka ndani ya godoro, unakutana na marumaru baridi na kugeuka maji, kama inavyotoka jasho kwenye chupa ya soda baridi. Tanga hali hii ni ndogo kwa sababu sakafu ina joto. Mbeya mwezi Juni, godoro la sponji lililowekwa chini bila kuinuliwa huanza kuota koga upesi, na kifua cha mtoto hakikawii kuanza kubana.

## Maamuzi ya kurekebisha

Baada ya usiku ule walikaa chini na kuandika upya mahitaji yao. Jambo la kwanza lilikuwa kuzuia fedha isiendelee kutoka. Baba alirudi kwa fundi makochi. Kwa bahati nzuri fundi alikuwa amemaliza kochi la watu watatu na la mtu mmoja tu, la tatu hajalikata hata kitambaa. Walikubaliana baba achukue yale mawili kwa ile 500,000 na deni life. Fundi alikuwa na haki ya kukataa. Alikubali kwa sababu alielezwa mapema, kabla hajanunua mbao zilizobaki.

Kutoka kwenye 480,000 walitoa 300,000 kwa vitanda viwili vya mbao za paini, cha 5 kwa 6 kwa 170,000 na cha 4 kwa 6 kwa 130,000. Masharti waliyompa seremala yanafaa kuigwa. Mbao ziwe zimekauka: ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, msumeno unanata ndani yake, na kitanda chake kikikauka ndani ya nyumba hupinda na kulia. Ubavu ufungwe kwa bolti, usipigwe misumari, ili kitanda kifunguke siku ya kuhama. Chaga ziachane sentimita 5 hadi 7, zisizidi hapo, maana sponji ya inchi 6 hujipinda na kuzama katikati ya chaga zilizo mbali. Kitanda kikawekwa kiganja kimoja mbali na ukuta wa nje. Magodoro yalianikwa juani siku tatu yakisimamishwa kwa ubavu, yakasuguliwa kwa siki na brashi kavu, yakaanikwa tena kabla ya kutandikwa.

Mwanjelwa, kwenye mitumba, walipata mablanketi matatu mazito kwa 75,000. Tunasisitiza hili kwa sababu wageni wengi hukimbilia duveti mpya nyepesi za madukani zenye bei mara mbili. Blanketi la mtumba la sufu liinue kwa mkono: likiwa zito na limefumwa kwa kubana, ndilo hilo. Lifue, lianike juani siku nzima, lipige pasi kwenye mishono. Lingine moja likunje na kulitandika chini ya shuka, juu ya godoro. Baridi nyingi humfikia mlalaji kutoka chini, na blanketi la chini hufanya kazi kama la juu. Kapeti la sebuleni lilihamishiwa chumbani. Uwazi wa chini ya mlango wa mbele ulizibwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kilichopigiliwa kwenye ubao wa mlango. Matundu ya hewa yalizibuliwa yote.

Jiko la mkaa lilibaki, kwa kupikia nje tu, chini ya kibanda cha nyuma.

Kwa umeme, mjumbe wa mtaa aliwaelekeza kwa fundi mwenye leseni. Aliona kifuniko kilichoungua na kusema laini ile haitengenezeki kwa matumizi ya shawa, inarudishwa kwenye kazi yake ya taa na breka yake ya 10. Shawa ikapewa laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi: mita 11, waya tatu za milimita 4, yaani mita 33 kwa 3,500, ambazo ni 115,500. Breka ya ampea 32, 15,000. Swichi ya kamba yenye kukata waya zote mbili, 25,000. Ufundi, 40,000. Jumla 195,500. Kabla ya yote alipima kama nyumba ina chuma cha ardhini kinachofanya kazi. Kilikuwepo nje karibu na mita, kiungo chake kimeshika kutu, akakisafisha na kukikaza. Hela hiyo haikuwepo mpaka mshahara utoke, kwa hiyo kwa wiki mbili walichemsha maji ya kuoga kwa gesi.

Mwenye nyumba alipigiwa simu mbele ya mjumbe na kutumiwa picha ya boksi lililoungua. Alikubali kurudisha gharama za waya na ufundi, 155,500, kwa kupunguza kodi ya awamu ijayo. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi, yakasainiwa, mjumbe akawa shahidi.

## Matokeo

Kufikia mwisho wa Julai familia ilikuwa inalala vizuri. Sebule ilikuwa na makochi mawili na televisheni juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa, na wageni walikuja na kunywa chai bila kulalamika.

Bili ya maji ya kwanza ilikuja na deni la nyuma la 46,000. Picha ya mita iliyopigwa siku ya ukaguzi ilimaliza ubishi siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba akalipa. Kwa bili zilizofuata, nyumba mbili zilikubaliana kugawana kwa idadi ya vichwa. Kugawa nusu kwa nusu kungemwonea jirani anayeishi na mtu mmoja tu, na ugomvi wa maji kwenye mita moja huanzia hapo.

Mtungi wa kilo 6 ulikwisha ndani ya siku 17, wakati Tanga ulikuwa unafika mwezi. Sababu zilikuwa mbili. Maji ya kuoga ni moja. Ya pili ni maharage. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100, hivyo kila kinachohitaji kutokota muda mrefu, hasa maharage na makande, huchukua muda zaidi hata moto ukiwa mkubwa kiasi gani. Kuongeza moto kunapoteza gesi tu, kwa sababu maji yanayochemka hayapandi joto. Walianza kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale, kisha wakanunua sufuria ya presha, ambayo hupandisha nyuzi za kuchemka. Kwa anayehamia huku sufuria hiyo inapaswa kutangulia brenda, pasi na hata jiko la pili.

## Uchambuzi

Kilichoharibika kwanza ni mpangilio wa manunuzi. Familia haikuwa na fedha ndogo. Ukichukua ile 2,730,000 na kuanza na vitanda viwili vya paini (300,000), magodoro yale yale (350,000), mablanketi mazito manne (100,000), gesi (85,000), vyombo na ndoo (160,000), laini sahihi ya shawa na shawa yenyewe (270,500), chakula na umeme (170,000), na mapazia ya vyumba viwili tu (90,000), unafika 1,525,500. Inabaki 1,204,500. Hapo ungeweza kununua sufuria ya presha, kuweka akiba, na kumpa fundi makochi kazi bila presha ya wageni.

Tunaelewa kwa nini sebule ilitangulia. Mtu mgeni mjini, kazini hajulikani, anataka akipokea watu nyumba imsemee vizuri. Aibu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini watu wa Mbeya wanajua mtu anayehama anaanzaje, na mkeka safi na chai ya moto vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Mwenyeji anayekwenda kumsalimia mgeni mwezi Juni angefanya vema kubeba blanketi badala ya kubeba sukari.

Friji hawakununua, na hapo walikuwa sahihi. Juni hadi Agosti nyumba yenyewe ina baridi, na mboga za sokoni ni za siku hiyo hiyo. Friji ingoje Oktoba joto linapoanza.

Swali la shawa au gesi lina hesabu yake. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika hupandisha maji kwa takriban nyuzi 26: yakiingia na 15 yanatoka na 41, moto wa kuoga. Ukifungua lita 4, yanatoka na 35 na utasema hita ni mbovu. Funga bomba kidogo kabla hujaita fundi. Kuoga dakika 8 ni robo tatu ya uniti hivi, kama shilingi 260. Kuchemsha lita 10 kwa gesi na kuzichanganya na baridi hugharimu si chini ya hapo, ukihesabu joto linalopotea pembeni mwa sufuria. Kwa hiyo shawa haina anasa yoyote, mradi laini yake iwe yake. Watu wanne wakioga kila siku hutumia uniti zinazokaribia 88 kwa mwezi kwa kuoga pekee, na aliye kwenye daraja la bei nafuu la watumiaji wasiozidi uniti 75 ajue ataondoka humo. Ikifungwa mara ya kwanza, au maji yakikatika na kurudi, pitisha maji baridi kwanza mpaka yatoke bila hewa, ndipo uwashe. Waya wa ndani ukiwaka bila maji huungua ndani ya sekunde chache.

Mapazia yalianguka mara mbili, jambo dogo ambalo lingeepukika. Tofali za kuchoma zilizopigwa lipu nyembamba humeguka ukizitoboa karibu na ukingo, na fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, haishiki. Juu ya dirisha pandisha mpaka kwenye lenta ya zege, kiganja hivi juu ya fremu, toboa kwa drili ya kugonga yenye ncha ya milimita 8, weka fisha ya 8 na skrubu ya inchi 2. Fundi akisema zege ni ngumu, drili yake ndiyo dhaifu.

Kilichofanya kazi ni vitu vya bure: picha za mita, kujiandikisha mtaani, na hodi ya siku ya kwanza. Jirani aliyeamka usiku wa manane aliamka kwa sababu alijua nyuma ya ukuta kuna mama na mtoto mdogo, na alijua sauti ile si ya fujo.

Kuhusu jiko la mkaa hatuna ushauri wa namna ya kulitumia chumbani kwa usalama, kwa kuwa namna hiyo haipo. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Anayetaka joto kabla ya kulala aoteshe miguu kwenye jiko lililo nje, ajaze chupa ya maji ya moto na kuiviringisha taulo, avae soksi, apande kitandani. Ukiamka na kichwa kizito kwenye nyumba iliyokuwa na mkaa, na mwenzako naye analalamika kichwa, toka nje kwanza. Watu wawili kuumwa kichwa usiku mmoja chumba kimoja ni dalili inayotosha. Mtoe mtoto, na mjamzito kama yupo, kabla ya kutafuta sababu, na hospitalini taja mkaa wewe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Fundi wa pili alipomaliza upande wa familia hii, jirani alimwomba aangalie na kwake. Shawa yake ilikuwa na mwaka mzima, imefungwa na fundi yule yule wa kwanza: waya wa 1.5, breka ya 32, waya wa ardhini umekunjiwa ndani. Ganda lilikuwa limeanza kukakamaa lakini halijayeyuka. Mwenye nyumba alitumiwa picha ya pili, na mwezi Agosti laini zote mbili zikawa za milimita 4.